Naftalini za Koko

Mimi naftalini sinunui. Mume wangu akileta pakiti kutoka sokoni, nairudisha siku hiyohiyo, nasema harufu yake inaniumiza kichwa. Ni uongo. Mende wamekwisha kula kola za mashati yake mawili na bado nimekataa. Lakini juzi juzi tulimzika Koko, na ilibidi sanduku lake lifunguliwe kutoa nguo za kumvika, na tangu siku hiyo ile harufu imenikaa puani haitaki kutoka. Wewe wa rika langu, uliyelelewa na mwanamke mwenye sanduku la bati na ufunguo shingoni, unaijua. Ni harufu ya nguo zinazotunzwa kuliko watu.

Koko alikuwa nyanya yangu, aliyemzaa mama. Mama alifundisha shule huko Kabambare, na kwa vile barabara ya kule ilivyokuwa, na ilivyo hadi leo, aliniacha Kasongo kwa Koko ili nisome bila kuhangaika. Nyumbani tulikuwa wanne: Koko, mimi, mjomba Amisi aliyebeba abiria na mizigo kwa pikipiki, na Furaha, mke wa mjomba, aliyekuja nikiwa darasa la tatu.

Koko alikuwa mtu wa kushuku, na sisemi hivyo kwa kumsengenya, kwa maana mimi mwenyewe nimefuata damu hiyo. Alihesabu vipande vya samaki chunguni kabla ya kwenda kanisani, na akirudi alihesabu tena kabla ya kuvua viatu. Akikaribishwa chai kwa jirani, alikishika kikombe mkononi na kuuliza habari za watoto wote wa nyumba ile mmoja mmoja, mpaka mwenyeji anywe kwanza. Mtu akimsifu kwamba amenenepa, alikuwa akienda kujipima kwenye mkanda wa gauni lake la zamani.

Sanduku lake lilikuwa la rangi ya buluu. Zamani lilianguka kutoka kwenye baisikeli na pembe yake moja ikabonyea, basi mfuniko haukukaa sawa. Upande huo palikuwa na upenyo ambao kidole changu kidogo kiliingia mpaka kwenye kucha. Ndani mlikuwa na vitenge alivyoletewa wakati wa mahari ya mama, gauni jeupe la akina mama wa kanisa, na chini kabisa, kitenge cha zambarau kilichofungwa kwa utepe. Hicho ndicho alichotaka kuzikwa nacho.

“Hii hapana kugusa,” aliniambia. “Mutu anagusa nguo ya kunizika, yeye anapima siku yangu.”

Katikati ya nguo aliweka naftalini kumi na mbili, nyeupe, duara, kubwa kama karanga zilizomenywa za mbegu bora. Alikuwa akizibadilisha kila Noeli, na mimi ndiye niliyezihesabu kwa sauti wakati yeye akizipanga. Nilizichukia. Kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba harufu ile haitoki kwenye naftalini bali kwenye kitenge cha zambarau. Kwamba ndivyo kifo cha Koko kinavyonuka, kimelala humo kimefungwa utepe, kinangoja. Naftalini niliziona ni kama walinzi wake tu.

Miaka yote sanduku lilikaa katika chumba cha Koko, chenye kuta nene za udongo na paa la majani, ambamo hata mchana wa kiangazi mtu alitamani kujifunika. Humo naftalini kumi na mbili za Noeli zilifika Noeli nyingine zikiwa kumi na mbili, zimepungua kidogo tu kama sabuni iliyonawiwa mara chache. Kisha majani ya paa yakachoka. Mvua ya baada ya Pasaka ilipenya hadi juu ya mfuniko, na Koko akapiga kelele kama aliyeona nyoka. Palibaki mahali pamoja tu pakavu: chumba cha mabati alichojenga mjomba Amisi alipooa. Hakikuwa na dari. Saa sita mchana ungeweka mkono juu ya bati ukautoa haraka, na hewa ya ndani ilikuwa nzito hivi kwamba Furaha alifanya kazi zake zote nje mpaka jioni.

Koko alilipeleka sanduku huko kwa moyo mzito. Alilisukuma mwenyewe hadi ukutani, chini ya kamba ambayo Furaha alitundikia nguo zake.

“Ufunguo unabaki kwangu,” alisema.

“Ndiyo, mama,” alijibu Furaha. “Mimi ata sitapangusa vumbi yake.”

Furaha alikuwa mtoto wa mtu aliyetoka Kivu kuja kuchimba dhahabu Salamabila, na Koko hakuwahi kulimeza jambo hilo. “Kule kwao wanapasua tumbo ya mulima,” aliniambia mara moja tukichambua mboga. “Sasa sanduku ni nini?” Mimi nilimpenda. Alinisuka nywele kila Jumamosi, na nikilia kwa kuvutwa alipuliza shingoni mwangu pole pole mpaka maumivu yakapoa. Nilimwita Tantini, kama tunavyowaita shangazi, na nikimwona anarudi kutoka mtoni nilikimbia kumkumbatia kabla hajatua ndoo.

Kiangazi kilipoanza, akina mama wa kanisa walikuwa na sikukuu yao, na Koko alihitaji gauni jeupe. Alifungua sanduku, mimi nikiwa kando yake kuhesabu. Sikufika kumi na mbili. Nilizipata tisa, na kati ya hizo baadhi zilikuwa kama maharagwe, nyingine kama punje za mahindi. Koko alinitazama, akanitaka nihesabu tena. Alitikisa kila kitenge, akapapasa pembe zote za sanduku kutafuta unyevu au unga, asipate kitu. Ndipo akakaa chini sakafuni na kuvuta pumzi ndefu.

“Alichukua kubwa,” alinong'ona, “akaniwekea ndogo. Anasema huyu muzee haoni.”

Nani? Sikuuliza. Mjomba alikuwa barabarani kutwa, na mchana chumba kilikuwa cha mtu mmoja.

Hakuna aliyejali naftalini zenyewe, ziliuzwa popote sokoni. Lakini mwenye kuzitoa alipata njia ya kufungua bila ufunguo, akaingiza mkono mle, mpaka chini, kwenye zambarau. Koko aliweka nyingine kumi na mbili mpya, akafunga, akanishika bega. Maneno yake nayakumbuka yote.

“Weye unakaaka kwake sana. Ukimukumbatia, nusa.”

Na mimi nilinusa. Jioni hiyohiyo Furaha alirudi na ndoo, nikamkimbilia kama kawaida, nikaweka uso kwenye gauni lake, kati ya kwapa na ubavu. Ilikuwepo. Chini ya harufu ya sabuni na moshi ilikuwepo ile nyingine, kali, ya sanduku. Sikufikiri kwamba Tantini ameiba. Nilifikiri kwamba Tantini amekigusa kifo cha Koko na sasa kinatembea naye ndani ya nyumba yetu. Nilimwachia, nikaenda jikoni moja kwa moja, nikamwambia Koko. Hakuna aliyenilazimisha. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nililazimishwa, na sijafaulu.

Koko alingoja mjomba Amisi arudi kutoka safari ya Lusangi. Alimruhusu ale kwanza. Kisha akamwita Furaha, akamweleza mbele ya mumewe: naftalini zilizopungua, ndogo kuwekwa mahali pa kubwa, na harufu. Wakalitoa begi la Furaha, wakalimwaga kitandani. Hawakupata kitenge chochote cha Koko wala naftalini hata moja, ila kila nguo waliyoinua ilinuka.

“Kitu hapana, harufu iko,” alisema Koko.

“Mama, chumba yote inanuka!” Furaha alianza kulia. “Nusa godoro! Nusa ukuta!”

“Ukuta haina mikono.”

“Sasa ningezifanyia nini? Nizile?”

“Sijui. Mimi nawaza kile ulikuwa unatafuta chini yake.” Koko akaninyooshea kidole. “Ata mutoto alinusa. Alikukumbatia akanusa. Sema ni uongo, kama si kweli?”

Macho yote yakanigeukia. Nilitikisa kichwa kukubali. Mjomba Amisi alitazama ufunguo wa pikipiki mkononi mwake kana kwamba ulikuwa umeandikwa kitu. Alikuwa mtu mwema, lakini alimwogopa mama yake kuliko barabara zote za Maniema. Kesho yake asubuhi alifunga begi la mkewe nyuma ya pikipiki ili amrudishe kwao Salamabila, “mpaka mambo yatulie,” alivyosema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Furaha alipita karibu yangu akanyoosha mkono, nikadhani atanipiga kofi, na ningelikubali. Alinigusa tu msuko mmoja uliokuwa umeanza kufumuka.

“Ndiyo vile ulikuwa unanikumbatia?” aliuliza.

Kisha akapanda. Vumbi lilipotulia, Koko alifagia mahali pikipiki iliposimama.

Sanduku lilibaki kwenye chumba cha mabati, kwa kuwa paa la Koko lilikuwa bado halijaezekwa. Alitia kufuli mlangoni, na mjomba akawa analala sebuleni. Mimi tu niliingia na yeye kufagia, na kwa vile kamba ilikuwa tupu, gauni langu la Jumapili nikalitundika hapo. Wiki zikapita. Jua la kiangazi lilikuwa likipiga mabati tangu asubuhi hadi unaposikia yanalia yanapopoa jioni. Siku moja Koko alifungua sanduku, bila sababu, kwa kujifurahisha tu kwamba sasa kuna usalama.

Nilimsikia anahesabu peke yake. Akahesabu tena.

Hakuniita. Alitoka, akanikuta nimevaa kwa ajili ya kanisa, akanivuta kifuani kwake na kunikumbatia, jambo ambalo Koko hakuwa na desturi nalo. Nilifurahi kwa muda wa pumzi mbili. Pumzi ya tatu niliisikia vizuri: pua yake ilikuwa kwenye bega langu, inavuta.

“Weye pia,” alisema.

Kuanzia hapo nilijua maisha aliyoishi Furaha mwishoni. Chakula changu kilipakuliwa kwa kijiko, nikitazamwa. Ufunguo ulihama kutoka shingoni ukaingia ndani ya gauni. Nikiingia chumbani kwa Koko, aliacha kusema alichokuwa akisema. Nililia kwa hasira, kwa kuwa mimi sikuchukua, na kwa mara ya kwanza likanijia wazo ambalo mtu mzima angelipata mapema zaidi: kama mimi sikuchukua na ninanuka, basi hata Tantini hakuchukua.

Kwa hiyo yuko mwizi, nikajiambia, na si mtu. Panya, au mjusi. Nikaamua kumnasa. Nilimwomba Koko naftalini mbili mpya. Alinipa huku akinitazama kama mtu anayempa mwizi kamba ya kujifungia. Moja niliiweka nje, juu ya bati tuliloanikia muhogo, peupe kabisa, iwe chambo. Ya pili niliificha kando ya mtungi wa maji, chumbani kwa Koko penye baridi, iwe akiba mwizi akishinda. Nikakaa kizingitini na fimbo.

Koko naye akaleta kigoda chake. Hakuniamini peke yangu na chambo. Akachukua chujio la chai, akaifunika naftalini, na juu ya chujio akaweka jiwe. “Kuku wataisumbua,” alisema, lakini niliona anapima jiwe lilivyokaa, ili akigeuka ajue kama limeguswa.

Tulikaa hivyo siku tatu, bibi na mjukuu, tukilinda kidude kimoja cheupe, kila mmoja akimlinda mwenziwe. Tulikwenda chooni kwa zamu, na anayerudi alikagua jiwe. Jua lilipozama Koko alibeba chujio na kila kilichomo, akalala nalo. Majirani walipita wakauliza tunakausha nini. Koko aliwajibu kwamba ni dawa ya meno.

Jioni ya kwanza nilidhani macho yamechoka. Jioni ya pili naftalini ilikuwa kama haragwe, na jiwe halikuwa limesogea hata unywele. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, Koko aliinua chujio, akainama mpaka pua yake ikakaribia bati. Ilikuwa imebaki punje ndogo kama ya mchele. Akapapasa bati. Lilikuwa la moto, na kavu kabisa.

“Lete ile ingine,” alisema, na nikashangaa kwamba alijua nilikoificha.

Nikaileta kutoka kando ya mtungi. Ilikuwa nzima, duara, kubwa kama siku niliyopewa. Koko aliziweka zote mbili kwenye kiganja chake.

“Mafuta ya mawese inaganda asubuhi, jua inakuja, inayeyuka, lakini inabaki mu chupa,” alisema pole pole, kama anayehoji shahidi. “Maji inachemka, moshi yake tunauona. Sasa hii inaenda wapi? Ata haikulowanisha bati.”

“Inanuka, Koko,” nilisema. “Labda inaenda na harufu.”

Aligeuka akatazama chumba cha mabati, kamba tupu na ukuta ambao hauna mikono. Miaka baadaye, sekondari, mwalimu wa kemia alisema kwa sentensi moja kwamba viko vitu vigumu ambavyo vikipata joto havipiti kwenye hali ya maji, vinageuka hewa moja kwa moja, na joto likizidi vinakwenda upesi zaidi. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje bila ruhusa. Ndoa ya mtu nusura ivunjike kwa kukosa sentensi ile, na sisi tulikuwa tumeigundua nusu yake tukiwa na chujio la chai.

Koko hakuwa amewahi kupanda pikipiki maishani. Alisema ni kifaa cha watu waliochoka kuishi. Kesho yake, baada ya zile siku tatu za chujio, alivaa viatu vya kanisani, akafunga kuku mmoja miguu, akatoa kitenge kizuri kuliko vyote vya mahari, akapanda nyuma ya mjomba Amisi na mimi katikati yao. Njia nzima mpaka Salamabila alinishika mbavu hadi zikauma, na kila tulipovuka daraja la magogo alishuka akavuka kwa miguu akikagua gogo moja moja.

Tulimkuta Furaha nyumbani kwa wazazi wake, nyumba ya mbao na turubai karibu na mahali wachimbaji wanaposafishia mchanga. Mama yake hakutupa viti. Koko alipiga magoti, akafungua kitambaa, akaweka chini ile naftalini nzima na ile punje.

“Jua ndiyo mwizi,” alisema. “Nilikushitaki bure, mutoto wangu. Kuku huyu ni wako, kitenge hii ni yako. Kama unataka kunitukana, mimi niko hapa.”

Furaha alizitazama zile mbili muda mrefu. Hakutukana.

“Nitarudi kwa sababu ya Amisi,” alisema. “Lakini ile sanduku itoke mu chumba yangu. Na ufunguo yako, mama, usinipe ata siku moja.”

Alirudi, na Koko aliezekewa paa jipya, na sanduku likarudi kwenye baridi yake. Furaha alizaa watoto wanne. Alinipikia, akaniuguza nilipopata surua, akanisindikiza siku nilipoolewa. Hakuwahi tena kunisuka. Jumamosi zilipofika alikuwa na kazi, sikuzote alikuwa na kazi, na nikikimbia kumpokea ndoo alinyoosha mkono kwanza, akanipa ndoo, tukabaki na ndoo katikati yetu. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa mtoto, halafu nikawa mtu mzima mwenye haya.

Koko alikufa akiwa na ufunguo shingoni. Furaha ndiye aliyeukata uzi, lakini hakufungua. Alimtuma mtoto wake aniite, na nilipoingia alinikabidhi ufunguo.

“Fungua weye,” alisema. “Na uhesabu kwanza. Mimi niko hapa mulangoni, sijagusa kitu.”

“Tantini, tafadhali.”

“Uhesabu.”

Nikafungua, nikapekua kitenge kimoja kimoja, mbele yake, hadi chini. Koko alikuwa mgonjwa mwaka mzima, hakuzibadilisha. Hapakuwa na naftalini hata moja, kubwa wala ndogo, ila harufu tu iliyotuvaa sote wawili, machoni na kooni.

“Hamna,” nilisema. “Zimekwenda zote. Hakuna aliyezichukua, Tantini. Hakukuwa na mtu aliyezichukua. Nisamehe.”

Hapo ndipo alipoingia. Alitoa kitenge cha zambarau kwa mikono yake miwili, akakiweka kitandani, kisha akanigeukia na kunikumbatia, baada ya miaka yote ile, kwa nguvu, uso wangu ukiwa kati ya kwapa na ubavu wake. Nikabana pumzi, nisinuse. Nilibana mpaka kifua kikaniuma, na sikuiachia mpaka yeye aliponiachia.